Daniel Defoe na Swali la Mwingereza Halisi

Ndugu Mhariri ameniomba nieleze maisha ya mtu mmoja maarufu wa zamani kwa faida ya vijana walioko shuleni sasa. Wenzangu wa kidato chetu watacheka wakiona nimemchagua Daniel Defoe, kwani wanakumbuka jinsi nilivyosinzia kitabu chake cha Robinson Crusoe kiliposomwa darasani. Lakini sikumchagua kwa ajili ya kitabu hicho. Bwenini tulikuwa na mwenzetu ambaye babu yake alitoka Manyema, nasi tuliojiona wenyeji tukamwita "wa kuja". Mimi nilikuwa miongoni mwa waliompachika jina hilo. Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Defoe, nikaona haya.

Alizaliwa London yapata mwaka 1660. Jina la ukoo lilikuwa Foe tu, na baba yake, James Foe, alikuwa mtengeneza mishumaa. Ile "De" aliiongeza mwenyewe ukubwani, ikalifanya jina lisikike kama la bwana mkubwa wa Kifaransa. Jamaa zake walikuwa Waprotestanti waliokataa kulifuata Kanisa la Uingereza, na kwa sababu hiyo milango ya Oxford na Cambridge ilifungwa kwake. Alisomeshwa na Charles Morton huko Newington Green. Basi huyu alikuwa Mwingereza kwa kuzaliwa, lakini hakuruhusiwa kuingia chuo kikuu cha nchi yake.

Alijaribu biashara nyingi: soksi, mvinyo, tumbaku. Alinunua hata ngawa wapatao 70, ati apate zabadi ya kutengenezea manukato! Mwaka 1692 alifilisika akiwa na deni la paundi 17,000, na wadai walimwandama mpaka kufa kwake.

Sasa nifike penye kiini. Mwaka 1688 wakubwa wa Uingereza walimwita William wa Orange, Mholanzi, aje awaondolee mfalme wao James wa Pili. Alipokwisha kukalia kiti, manung'uniko yakaanza: mfalme ni mgeni, na amejaza Waholanzi wenzake ikulu. Mwaka 1700 mwandishi mmoja, John Tutchin, alitoa shairi la kuwashambulia wageni hao. Defoe akamjibu Januari 1701 kwa shairi refu liitwalo The True-Born Englishman, yaani Mwingereza halisi wa kuzaliwa.

Hoja yake ilikuwa nyepesi, nayo iliuma. Huyo Mwingereza halisi, aliuliza, yuko wapi? Walikuja Warumi, wakaja Wasaksoni, wakaja Wadeni, na mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa. Kila kundi liliacha watoto. Hata makabaila waliojivunia majina ya kale walikuwa wajukuu wa askari waliovuka bahari kutafuta mashamba. Hivyo anayemdharau Mholanzi kwa ugeni wake anamdharau babu yake mwenyewe. Hakuishia kwenye damu, akagusa na tabia. Aliwasema Waingereza kwa ulevi, na zaidi ya yote kwa kukosa shukrani.

Je, walimpiga mawe? La. Walilinunua shairi hilo kwa wingi. Mwenyewe alidai kwamba nakala 80,000 zilichapwa bila idhini yake na kuuzwa mitaani kwa bei ndogo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoonekana tabia moja ya Waingereza iliyo ya kweli: wanaweza kununua kitabu kinachowacheka, wakacheka pamoja na mwandishi.

Serikali haikucheka. William alifariki mwaka 1702, na mwaka huo huo Defoe alitoa kijitabu cha kejeli juu ya wakuu wa kanisa waliotaka kuwatesa watu wa dhehebu lake. Zawadi ya paundi 50 ikatangazwa kwa atakayemfichua. Tangazo lilimweleza kuwa mtu mwembamba, mwenye rangi ya kahawia, pua iliyopinda na baka kubwa karibu na mdomo. Alikamatwa, na Julai 1703 akawekwa kwenye mkatale hadharani siku tatu, shingo na mikono vikiwa vimebanwa katika mbao. Inasimuliwa kwamba watu walimtupia maua badala ya mayai mabovu.

Waziri Robert Harley alimtoa gerezani, lakini kwa bei yake: Defoe akawa mpelelezi wa siri. Mwaka 1706 alitumwa Edinburgh wakati Bunge la Skotlandi lilipojadili kuungana na Uingereza. Mitaani watu walifanya ghasia kuupinga muungano. Yeye alijifanya mfanyabiashara, huku akiandika ripoti na kushawishi wajumbe. Tarehe 1 Mei 1707 Muungano ukaanza, na taifa la Great Britain likazaliwa. Sisi katika Kiswahili tunawaita wote Waingereza, lakini mwite Mskoti hivyo uone atakavyokukunjia uso!

Robinson Crusoe kilitoka mwaka 1719, Defoe akikaribia miaka 60. Nilipokirudia nikiwa mtu mzima niligundua jambo nililolala usingizi nikalikosa. Crusoe, ambaye wengi humtaja kuwa mfano wa Mwingereza mvumilivu, baba yake ni Mjerumani wa Bremen. Jina lake la asili ni Kreutznaer, na ni Waingereza waliolipindua kwa ndimi zao. Hata hivyo nisimpambe mno Defoe. Crusoe alivunjikiwa na jahazi akienda Afrika kuchukua watumwa, na Defoe mwenyewe aliitetea gazetini mwake kampuni iliyofanya biashara hiyo. Akili iliyomtambua Mholanzi kuwa ndugu haikufika kwetu.

Alifariki Aprili 1731 katika chumba cha kupanga, akijificha kwa sababu ya deni, akazikwa Bunhill Fields. Mwaka 1870 watoto wa Uingereza walichanga senti zao akajengewa mnara wa ukumbusho. Lakini siku ya maziko karani wa makaburi hakulishika vizuri jina la marehemu. Aliliandika Dubow, kana kwamba anamzika mgeni.