Maisha ya Ada Lovelace na Funzo Lake kwa Walimu wa Rungwe

Kila walimu wanafunzi wetu wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, huja na swali lile lile. Wawaandaeje vijana wa sekondari kwa mashindano ya kuandika programu za kompyuta, ilhali shule ina kompyuta tatu, na mvua za Tukuyu zikizidi umeme hukatika? Hatuna budi kukiri kwamba kwa miaka kadhaa tulilijibu vibaya swali hilo. Tuliwaambia wasubiri vifaa. Kwa hiyo tumeonelea vema kusimulia hapa maisha ya mtu ambaye hakusubiri.

Ada Lovelace alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mshairi aliyevuma Ulaya nzima. Wazazi walitengana mtoto akiwa bado mchanga. Baba akaihama Uingereza mwaka 1816, asimwone tena binti yake, akafa Ugiriki mwaka 1824. Mama alichelea mtoto asije akarithi tabia za baba, akaamua alelewe katika hisabati. Alipokuwa na umri wa miaka 12 Ada alijaribu kubuni mashine ya kuruka, akachunguza mabawa ya ndege ili apate vipimo. Mwaka 1829 aliugua surua, akapoteza nguvu za miguu, akakaa muda mrefu kabla ya kutembea tena, kwanza kwa magongo. Masomo hata hivyo hayakukoma.

Mwezi Juni 1833 alikutana na Charles Babbage, aliyekuwa ameunda sehemu ya mtambo wa kukokotoa hesabu kwa magurudumu yenye meno. Baadaye Babbage alibuni mtambo mkubwa zaidi, uliokusudiwa kupokea maagizo kwa kadi zilizotobolewa, mfano wa kadi zilizoongoza mitambo ya Jacquard ya kufuma hariri huko Ufaransa. Mtambo huo haukukamilika kamwe. Ulibaki katika michoro.

Ada aliolewa mwaka 1835, akazaa watoto watatu. Milango ya vyuo vikuu vya Uingereza ilikuwa imefungwa kwa wanawake, basi mwaka 1840 akaanza kufundishwa kwa barua na Augustus De Morgan, profesa wa hisabati wa London. Walimu wenzetu wayatazame sana masomo hayo. Mwanafunzi alikosea mambo ambayo wanafunzi wetu hukosea: alikwama kwenye kubadilisha alama, akarudia. Lakini hakukubali kanuni kabla ya kujua msingi wake, na mwalimu hakuchoka kumjibu swali kwa swali.

Mwaka 1842 mhandisi Mtaliano, Luigi Menabrea, alichapisha makala kwa Kifaransa kuhusu mtambo wa Babbage. Ada aliifasiri kwa Kiingereza, akaongeza maelezo yake saba yaliyozidi makala yenyewe kwa urefu karibu mara tatu, yakachapishwa mwaka 1843 naye akiwa na miaka 27. Katika maelezo ya mwisho alipanga jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli, pamoja na hatua zinazorudiwa. Jedwali hilo huitwa na wengi programu ya kwanza kuchapishwa. Aidha alitambua kwamba mtambo wa namna hiyo ungeweza kushughulika na zaidi ya namba, hata sauti za muziki, mradi kanuni zake zielezwe wazi.

Hatumsimulii ili kumtukuza kupita kiasi. Wanahistoria wangali wanajadiliana ni sehemu gani ya jedwali iliyotoka kwa Babbage na ipi kwa Ada. Babbage mwenyewe aliandika baadaye kwamba Ada aligundua kosa zito alilolifanya yeye. Na jedwali lililochapishwa lilikuwa na kosa lake: katika hatua ya nne kigawanye na kigawanyo vimebadilishana nafasi. Mtambo haukuwapo wa kulifichua.

Mwaka 1844 De Morgan alimwandikia mama yake Ada kwamba uwezo wa binti huyo ulipita wa mwanafunzi yeyote anayeanza, kisha akaonya kwamba hisabati nzito ingeulemea mwili wa mwanamke. Mwalimu mwema kiasi hicho, naye alishindwa kuiona hofu yake kuwa ni mazoea tu. Ada alifariki kwa saratani tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, akazikwa Hucknall kando ya baba ambaye hakumjua. Lugha ya kompyuta iliyoundwa miaka ya 1970 ilipewa jina lake.

Funzo kwetu ni hili: programu hutungwa kichwani na kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye mashine. Mashindano ya kimataifa ya vijana yaliyoanza Bulgaria mwaka 1989 hupima kwanza uwezo wa kubuni hatua sahihi, na mashindano ya Bebras yaliyoanza Lithuania mwaka 2004 hayahitaji ujuzi wowote wa kuandika programu. Basi mwalimu na aandike ubaoni uzito wa vikapu saba vya majani ya chai. Kundi moja liandike hatua za kutafuta kikapu kizito kuliko vyote, kwa kulinganisha viwili tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa kundi la pili awe mtambo: atende lililoandikwa na si zaidi. Kisha mwalimu abadili data: vikapu viwili viwe sawa, au kikapu kiwe kimoja tu. Hapo makosa yatajitokeza, na kosa linalogunduliwa na mwenzio darasani halitakuangusha mbele ya waamuzi. Zile kompyuta tatu zitumike mwisho, kuhakikisha.

Jambo la pili latuuma. Zamani kidogo, katika shule moja tuliyofundisha, tuliteua kikundi cha mashindano, na kwa kuwa nafasi za kompyuta zilikuwa chache tukawapa wavulana. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja na daftari lililojaa hatua alizozipanga peke yake. Tulimsifu, tukamwambia arudi kompyuta zitakapoongezeka. Hakurudi. Hatukumkataza, tulifanya alivyofanya De Morgan, tukauona uwezo kisha tukaufungia mlango kwa upole.

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda shuleni muhula ujao, na afungue kwanza madaftari ya wote, wasichana kwa wavulana, kabla ya kuhesabu kompyuta.