Nicolas Schöffer: Mhamiaji aliyezipa taa masikio

WENGI wetu tunaovuka mpaka wa Busia na Malaba tunazijua taa kwa bei yake tu. Tunauliza ni za wati ngapi, dazeni ni kiasi gani, na kama zitafika Kampala bila kupasuka. Mimi mwenyewe nauza taa, na tangu niliporejea hapa kutoka ughaibuni hiyo ndiyo riziki yangu.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyeiuliza taa swali jingine kabisa. Aliiuliza kama inaweza kusikia.

Mtu huyo ni Nicolas Schöffer, mchongaji sanamu aliyefariki dunia mjini Paris, Ufaransa, Januari 1992. Huko Ulaya jina lake ni kubwa. Huku kwetu halisikiki sana, lakini maisha yake hayako mbali na ya wengi wetu, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kuvuka mpaka.

Kutoka Kalocsa hadi Paris

Schöffer alizaliwa Septemba 6, 1912 katika mji mdogo wa Kalocsa, nchini Hungaria. Alisomea sanaa Budapest, mji mkuu wa nchi hiyo, na mwaka 1936 akahamia Paris. Vita Kuu ya Pili ilimkuta hukohuko Ufaransa, akiwa mgeni katika nchi ya watu.

Uraia wa Ufaransa aliupata mwaka 1948, miaka 12 baada ya kufika. Wale miongoni mwetu waliowahi kusubiri karatasi katika nchi ya watu wanaelewa uzito wa miaka hiyo bila kuelezwa.

Mwaka huohuo wa 1948, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Norbert Wiener, alichapisha kitabu kuhusu namna mashine na viumbe wanavyojiongoza. Sayansi hiyo huitwa sibanetiki. Kiini chake si kigumu: mashine inapokea habari kutoka nje, inaipima, inatenda, kisha inapima tena matokeo ya kitendo chake. Schöffer alisoma mawazo hayo, na kutoka hapo akaacha kuiona sanamu kama jiwe lililokaa kimya.

Sanamu inayosikia

Katikati ya miaka ya 1950 alijenga mnara wa chuma wa mita zipatazo 50 katika bustani ya Saint-Cloud, karibu na Paris. Mnara huo ulitoa sauti zilizotayarishwa na mwanamuziki Pierre Henry, na sauti hizo zilibadilika kufuatana na hali iliyouzunguka. Kampuni ya Philips ilimsaidia kwa vifaa vya elektroniki.

Mwaka 1956 ikaja kazi iliyompa sifa zaidi, sanamu aliyoiita CYSP 1. Ilikuwa na fremu ya chuma, vibati 16 vya rangi vilivyozungushwa na mota ndogo, na magurudumu chini yake. Ndani yake kulikuwa na maikrofoni ya kusikia sauti na seli za kuhisi mwanga na rangi. Mwaka huohuo ilicheza pamoja na wachezaji wa ngoma wa Maurice Béjart juu ya paa la jengo la Cité Radieuse, mjini Marseille. Watu walicheza, nayo ikawajibu.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji tutulie kidogo. Mtu wa kawaida angepanga kelele ziichangamshe sanamu na kimya kiilaze. Schöffer alifanya kinyume. Kimya kiliichangamsha sanamu hiyo na kelele zikaituliza. Giza liliichangamsha, mwanga mkali ukaituliza. Rangi ya bluu iliifanya itembee na kugeuka haraka, na nyekundu ikaipoza.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliyaona kama maringo ya msanii. Baadaye niliwaza Kampala yetu. Chukua kituo cha zamani cha matatu pale katikati ya mji: makondakta wanaita abiria, bodaboda zinapiga honi, spika za maduka zinashindana kutangaza bei. Ukiweka pale taa zinazowaka kwa kelele, zitawaka tangu alfajiri hadi usiku bila kubadilika hata kidogo. Taa isiyobadilika haijibu kitu. Lakini taa inayosubiri kimya itakuwa na jambo la kusema usiku sauti zinapopungua, au pale mvua inapoanza na watu wote wakanyamaza chini ya mabati.

Mnara wa Liège

Mwaka 1961 mji wa Liège, Ubelgiji, ulizindua mnara wake wa chuma wenye urefu wa mita 52, kando ya mto Meuse. Mnara huo ulikuwa na vibati vinavyozunguka na kurudisha mwanga kama vioo, na taa za rangi. Vihisi vyake vilipima sauti, mwanga, joto, unyevu na upepo. Kompyuta ya Philips ilikusanya vipimo hivyo na kuamua ni mota ipi izunguke na taa ipi iwake.

Mwaka mmoja baadaye, 1962, Kampala nayo ilipata sanamu yake kubwa, Mnara wa Uhuru wa Gregory Maloba, mama anayemwinua mtoto juu. Maloba naye alikuwa mtu wa kuvuka mpaka, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Sanamu yake haina waya hata mmoja, na hadi leo imesimama na kazi yake inaifanya.

Mnara wa Liège haukuwa na bahati hiyo. Vifaa vyake vilichakaa na kwa miaka mingi ukanyamaza. Ulirudi kuwaka mwaka 2016, baada ya ukarabati mkubwa.

Ndoto iliyozidi mfuko

Mwaka 1968 Schöffer alipata tuzo kuu ya uchongaji katika maonyesho ya Venice, Italia. Wakati huo alikuwa akipanga mnara wa mwanga wa zaidi ya mita 300 katika eneo la La Défense, Paris, ambao ungeonyesha kwa taa jinsi mji unavyopumua. Rais Georges Pompidou aliuunga mkono. Lakini bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, Pompidou akafariki Aprili 1974, na mnara haukujengwa.

Mwaka 1980 nyumba aliyozaliwa kule Kalocsa ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya kazi zake, na mwaka 1982 mnara wake mwingine wa mwanga, Chronos 8, ukasimamishwa katika mji huo. Aliyeondoka bila jina alirudishwa nyumbani na kazi ya mikono yake. Mwaka 1985 alipata kiharusi kilichoupooza mkono wake wa kulia. Akaendelea kuchora kwa mkono wa kushoto hadi mauti yalipomfika.

Hesabu ya Kampala

Nayaandika haya nikiwa na sababu. Nimeanza kuchora sanamu ya taa inayojibu sauti, na fedha nitakazoweka ndani yake ni za mtaji wangu wa duka. Kilichomgharimu Schöffer msaada wa kampuni kubwa, leo kinabebeka kwenye begi moja: maikrofoni, kisaketi kidogo chenye programu, utepe wa taa za LED, paneli ya sola na betri kwa siku za umeme kukatika. Fremu ya chuma mafundi wa Katwe wanaiweza bila shida.

Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme hafifu. Kisaketi huukuza, hupima wastani wa kelele za dakika chache zilizopita, kisha hulinganisha na sauti ya sasa. Taa hufuata tofauti kati ya hizo mbili. Kwa namna hiyo sanamu haitazibwa masikio na kelele za mchana, na hata kimya kitahesabika.

Kazi ngumu iko kwingine. Maloba alitujengea kitu kisichohitaji spea. Schöffer alijenga kitu kinachohitaji mtu wa kukiangalia kila wiki, na mtu huyo alipokosekana hata mji tajiri wa Ulaya ulibaki na chuma kimya.

Kwa hiyo nimepanga hatua zangu hivi. Kwanza nitafute kijana fundi atakayejua kila waya, na nitenge mshahara wake wa miaka mitatu pamoja na vifaa vya akiba. Zikibaki fedha za chuma baada ya hapo, nitaijenga. Zikibaki kidogo, nitajenga sanamu ndogo.