William Playfair, Mtu Aliyeichora Pesa

Mwaka jana mimi nilikuwa mweka hazina wa chama chetu. Siku ya mkutano nilibandika ubaoni hesabu ya mwaka mzima, tarakimu juu mpaka chini. Wenzangu wakazitazama, wakanyamaza, halafu minong'ono ikaanza kwamba pesa zimeliwa. Hazikuliwa, wallahi! Basi mwalimu akaniketisha kwenye kompyuta, akanionyesha namna ya kuligeuza jedwali kuwa grafu, mstari mmoja wa mapato na mwingine wa matumizi. Mwezi wa Juni mstari wa matumizi ulikuwa umepaa, na kila mtu akakumbuka nauli ya safari ya mashindano. Maneno yakaisha. Nikataka kujua ni nani aliyebuni jambo hili.

Ni William Playfair, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1759. Baba yake, mhubiri, alifariki William akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake John, aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri. John alimzoeza kupima joto kila siku na kulionyesha kwa mistari. Kumbe mbegu ilipandwa hapo! Baadaye akawa mchoraji wa mitambo kwa James Watt, yule wa injini za mvuke.

Mwaka 1786 alitoa kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza na mataifa mengine. Mstari mmoja ulikuwa wa bidhaa zinazoingia, mwingine wa zinazotoka, na nafasi iliyo kati akaipaka rangi. Sisi wa Likoni, tunaoziona meli za Kilindini tukiwa ndani ya feri, makontena yakija yamejaa na mengi yakirudi matupu, picha hiyo tunaielewa bila kufundishwa. Kwa upande wa Uskoti alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja haufanyi mstari. Akasimamisha nguzo, nchi kwa nchi. Yaani grafu ya nguzo ilizaliwa kwa upungufu! Mwaka 1801 akaongeza ile ya duara, iliyokatwa kama mkate wa sinia.

Ajabu ni kwamba pesa zake mwenyewe zilimshinda. Aliwauzia Wafaransa ardhi ya Marekani kwa niaba ya kampuni moja, nao walipofika huko mwaka 1790 wakakuta hati zao hazina nguvu. Benki aliyoshiriki kuifungua London mwaka 1797 haikudumu. Si ajabu wasomi wengi wa kwao hawakumwamini, yeye na michoro yake. Na kweli mchoro hudanganya. Mimi nilijaribu duara nene, lile la kuinamishwa, kipande cha mbele kikaonekana kikubwa kuliko fedha zake. Nikalifuta.

Mchoro wake ninaoupenda ni wa mwaka 1821, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60. Alitaka kujua kama ngano ilikuwa ghali kwa fundi kuliko zamani. Akaweka nguzo za bei ya ngano, mstari wa ujira wa fundi, na juu kabisa wafalme waliotawala, miaka zaidi ya 250 katika ukurasa mmoja. Ikaonekana kwamba ngano ilikuwa imekuwa nafuu kwa fundi. Alifariki London mwaka 1823, maskini.

Mwaka huu nimemwiga: nguzo za matumizi ya chama, na juu yake mstari wa salio. Grafu iko mlangoni mwa maktaba. Nendeni mkaitazame, na mwenye swali anifuate.