Bi. Amy Johnson: Alizishinda safari kuu, akafa katika safari ya kutumwa

Kwetu Lamu, chombo kikishaundwa pale Matondoni na kushuliwa majini, aghalabu tajiri wake haendi kukichukua mwenyewe. Hutumwa nahodha na mabaharia wawili watatu wakipeleke Malindi au Mombasa, wamkabidhi mwenyewe, kisha warudi makwao kwa njia nyingine. Safari hiyo haina shehena, haina abiria na haina sifa. Hakuna apigaye vigelegele chombo kinapotoka, wala hakuna angojaye pwani kinapofika ila huyo mwenye mali. Lakini waulizeni wazee wa bahari, watawaambia kwamba hiyo ni safari ya kuogopwa, kwa kuwa chombo ni kipya na hakuna ajuaye tabia yake.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, bado nasoma juzuu, ami yangu mmoja alitumwa safari ya namna hiyo. Hakufika. Mpaka leo nyumbani kwetu hatuna kaburi lake la kuzuru, tuna dua tu.

Ndiyo sababu, msomaji mpenzi, niliposoma kwa mara ya kwanza habari za Bi. Amy Johnson, kilichonishika moyo si zile safari zake kubwa zilizomfanya aimbwe na kupigwa picha dunia nzima. Kilichonishika ni ile safari yake ya mwisho: safari fupi ya kutumwa, ya kupeleka ndege isiyokuwa yake kutoka mahali hadi mahali.

Amy alizaliwa Julai 1, 1903 katika mji wa Hull, bandari iliyo mashariki ya Uingereza, mji wa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Baba yake mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu mwenye uwezo wake. Basi binti huyu alikuwa mtu wa pwani kama sisi, aliyekua akisikia harufu ya shombo na honi za meli. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, akahitimu mwaka 1925, kisha akaenda London akaajiriwa kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Kazi ya kupiga taipu ilimkinaisha.

Mwaka 1928 alianza kujifunza kurusha ndege katika kilabu kimoja pale Stag Lane, kaskazini ya London. Zama hizo urubani ulikuwa mchezo wa mabwana wenye fedha. Amy alipata cheti chake cha urubani Julai 1929, na kabla ya mwaka kwisha akapata na cheti cha ufundi wa ndege, akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kukipata. Hili nataka lizingatiwe. Si bibi aliyependa kupanda tu. Alikuwa akivaa nguo za kazi, akiingia gereji pamoja na wanaume, akifungua mtambo na kuufunga, mikono imejaa grisi.

MASHATI YAKAWA BAWA

Kwa msaada wa baba yake na wa Lord Wakefield, tajiri wa biashara ya mafuta ya mitambo, alinunua ndege kuukuu ya aina ya Gipsy Moth kwa kiasi cha pauni 600. Akaiita Jason, jina lililokuwa alama ya biashara ya samaki ya baba yake. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, mtambo mmoja, rubani ameketi wazi upepo wampiga usoni, haina redio. Kwa ndege hiyo akataka kwenda Australia peke yake. Kabla ya hapo safari yake ndefu kupita zote ilikuwa kutoka London kwenda kwao Hull!

Aliondoka Croydon Mei 5, 1930. Alipita Vienna, Istanbul na Aleppo. Alipokaribia Baghdad alikumbwa na tufani ya mchanga, akalazimika kutua jangwani. Aliizuia ndege isipeperushwe kwa kuweka mizigo yake mbele ya magurudumu, akaketi kuilinda bastola mkononi, macho yamejaa vumbi, mpaka tufani ilipotulia. Kisha akafika Bandar Abbas, jina lisilokuwa geni kwa watu wa vyombo wa mwambao huu, na kutoka hapo Karachi. Alifika Karachi kwa siku sita, haraka kuliko mtu yeyote aliyemtangulia.

Lakini safari haikuwa nyepesi. Karibu na Rangoon mvua ilimzidi, akatua katika kiwanja cha michezo cha chuo kimoja cha mafundi, ndege ikaingia shimoni, bawa likapasuka na rafadha ikavunjika. Walimu na wanafunzi wakamsaidia. Kitambaa cha bawa kilipokosekana, yakatafutwa mashati, yakachanwa na kushonwa, yakawa bawa. Mwenye cheti cha fundi hakukaa kulia. Akafunga rafadha ya akiba aliyokuja nayo, akaendelea na safari.

Mei 24, 1930 alitua Darwin, Australia, baada ya siku kumi na tisa na nusu na mwendo wa maili 11,000 hivi. Rekodi ya Bert Hinkler, aliyekwenda kwa siku kumi na tano na nusu mwaka 1928, hakuivunja, na jambo hilo lilimwuma. Lakini ulimwengu haukujali. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya safari hiyo peke yake, naye hakutimiza bado miaka 27. Alitungiwa nyimbo, akapewa nishani na mfalme, na gazeti moja la London likampa pauni 10,000. Ile Jason ikawekwa makumbusho huko London.

Baada ya hapo jina lake halikutoka magazetini. Mwaka 1931 alikwenda Tokyo kwa kupitia Moscow. Mwaka 1932 aliolewa na rubani mwenzake, Jim Mollison, na mwaka huo huo akaruka peke yake mpaka Cape Town, akaivunja rekodi ya mumewe huyo kwa zaidi ya saa kumi. Mwaka 1933 wote wawili walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Wales. Petroli ikawaishia, wakaanguka Bridgeport, Marekani, wakaumia, hawakufa. Mwaka 1934 waliingia katika mashindano makuu ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, lakini ndege yao ikaharibika wakakomea Allahabad, India.

Aliyeshinda mashindano hayo, pamoja na mwenziwe C. W. A. Scott, ni Tom Campbell Black, ambaye sisi Wakenya tuna habari naye. Yeye alikuwa rubani wa Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na ambayo jina lake lingali katika uwanja wa Wilson. Ndiye pia aliyemfunza urubani Beryl Markham, yule binti aliyelelewa Njoro. Black alifika Melbourne kwa muda usiotimia siku tatu. Mwaka 1936 akafa Liverpool, ndege yake ikiwa chini uwanjani, kwa kugongwa na ndege nyingine iliyokuwa ikitua. Ndivyo dunia ilivyo: mtu aokoka mawinguni, auawa barazani.

Mei 1936 Amy alikwenda tena Cape Town kwa siku tatu na saa sita na ushei, rekodi nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ndoa ilikuwa imeharibika, na mwaka 1938 waliachana, naye akalirudia jina la baba yake. Zama za mtu mmoja na ndege ndogo kuushangaza ulimwengu zilikuwa zimekwisha.

KAZI YA KUPELEKA

Vita vilipozuka mwaka 1939, Uingereza iliunda kikosi cha raia wa kupeleka ndege kutoka viwandani hadi kwenye viwanja vya jeshi, ili marubani wa vita wabaki kupigana. Waliochukuliwa ni wale ambao jeshi liliwakataa: waliopita umri, wenye vilema (palikuwa na mmoja mwenye mkono mmoja na jicho moja), na wanawake. Wanawake wanane wa kwanza walianza kazi Hatfield Januari 1, 1940. Amy alijiunga mwaka huo huo. Mishahara ya wanawake ilikuwa pungufu ya ile ya wanaume kwa kazi ile ile, mpaka iliposawazishwa mwaka 1943. Amy hakuishi kuiona siku hiyo.

Msidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Leo rubani hupewa ndege ya aina hii, kesho ya aina nyingine asiyopata kuishika, na mwongozo wake ni kijitabu cha mfukoni. Hana bunduki, hana redio ya kuuliza njia. Hutazama ardhi: mto, reli, barabara, mnara wa kanisa. Ardhi ikifunikwa na ukungu, amepotea. Na juu ya miji mikubwa yalitundikwa maputo yenye nyaya za chuma za kunasa ndege za adui, na waya haumjui adui wala rafiki. Kufikia mwisho wa vita kikosi hicho kilikuwa kimepeleka ndege zaidi ya 300,000, na watu wake zaidi ya 150 walikuwa wamekufa.

Wala hatari hii haikuanza na vita. John Alcock, mmoja wa wale wawili wa kwanza kuivuka Atlantiki moja kwa moja Juni 1919, alikufa Desemba mwaka huo huo, umri wake miaka 27, alipokuwa akipeleka ndege mpya kwenye maonyesho Paris. Ukungu ulimkuta karibu na Rouen.

UKUNGU

Januari 1941 Amy alipewa ndege ya mitambo miwili aina ya Airspeed Oxford aitoe Prestwick, Scotland, aifikishe Kidlington, karibu na mji wa Oxford. Njiani alilala Blackpool kwa dada yake. Kesho yake, Jumapili Januari 5, hali ya hewa ilikuwa mbaya, baridi kali na ukungu. Angaliweza kungoja. Lakini aliondoka kabla ya adhuhuri, safari ya kiasi cha saa moja na kitu.

Kidlington hakufika. Yapata saa tisa na nusu alasiri, mabaharia wa msafara wa meli katika mlango wa mto Thames, mbele ya Herne Bay, waliona mwavuli ukishuka kutoka mawinguni na ndege ikianguka baharini. Hapo ni maili mia moja hivi mashariki ya alikokuwa akienda. Meli ya kijeshi Haslemere ilikwenda kuokoa, bahari imechafuka na theluji yaanguka. Mabaharia walisikia sauti ya mwanamke. Walimtupia kamba, hakuweza kuishika. Mkondo ukamchukua, hakuonekana tena. Alikuwa na miaka 37.

Kamanda wa meli hiyo, Walter Fletcher, alijitupa katika maji yale ya barafu, akaogelea kwenda kwenye kitu alichodhani ni mtu. Walipomtoa alikuwa hana fahamu, akafa kwa baridi. Baadaye alipewa nishani ya ushujaa akiwa kaburini. Wengi wataja jina la Amy wakalisahau la Fletcher. Mimi nayaandika yote mawili katika ukurasa mmoja.

Tangu hapo maneno hayajesha. Wako wasemao palikuwa na mtu wa pili katika ndege, na wako wasemao kilichoelea kilikuwa mkoba wake. Mwaka 1999 askari mmoja mzee alidai kwamba kikosi chake cha mizinga kiliipiga ndege hiyo kwa kudhani ni ya adui. Wengine wadhani meli yenyewe, katika kumwokoa, ilimvuta kwenye rafadha zake. Lililo jepesi kuaminika ni kwamba alipotea juu ya mawingu, akatafuta mwanya wa kushukia asiupate, mpaka petroli ikamkaribia kwisha, akaruka kwa mwavuli akidhani chini yake kuna nchi kavu. Chini yake kulikuwa na bahari. Mwili wake haukupatikana, na hana kaburi. Jina lake limechongwa pamoja na ya wengine wasio na makaburi katika ukumbusho wa Runnymede.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja, je, si aibu mtu aliyefika Australia kufa katika safari ya saa moja? Nilimjibu kuwa hakuna aibu. Safari kubwa mtu huzifanya kwa ajili ya jina, na jina alikuwa nalo tayari. Hii ya mwisho aliifanya kwa sababu ndege ilikuwa yahitajiwa mahali fulani, na mtu alitakiwa kuipeleka. Mwenye kutumwa akaenda hana la kuonea haya, afike asifike.

Ami yangu naye alitumwa, akaenda. Mola awarehemu waliotumwa wote, na yule aliyejitupa majini kwa ajili ya mtu asiyemjua.