Burkitt, daktari aliyetoka nje kumwona mtoto asiye wake

Kila mfanyabiashara anayetoka Arua kwenda mpaka wa Vurra anaijua hospitali ya Kuluva. Wengi wetu hatujui kwamba madaftari ya hospitali hiyo yaliwasaidia wataalamu wa dunia kuelewa saratani moja ya watoto. Saratani hiyo ina jina la Dk. Denis Burkitt, na leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha yake.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alisomea udaktari Dublin, akatumika jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akaja Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala, akiwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa kazi nyingine. Alipochungulia dirishani aliona mtoto mwingine amevimba vilevile, yuko na mama yake. Hakuwa mgonjwa wake, wala hakuna aliyemwomba amtazame. Burkitt alitoka nje akampima. Hapo alianza kutambua kwamba uvimbe huo ni ugonjwa mmoja.

Baadaye alituma karatasi zenye picha zipatazo 1,000 kwa hospitali mbalimbali za Afrika, akiuliza kama kuna watoto wa namna hiyo. Madaktari wengi wa vijijini, wenye kazi nyingi na wasiomfahamu, waliketi wakamjibu. Oktoba 1961 alifunga safari ya wiki kumi kwa gari, kiasi cha kilomita 16,000, kuelekea kusini mwa Afrika. Alikwenda na madaktari wenzake wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu Williams ndiye wa Kuluva, naye alijua pia kutengeneza gari. Waligundua kwamba ugonjwa huo hupatikana sehemu za joto na mvua, kama malaria, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe alivyotuma Uingereza, Epstein, Barr na Achong waligundua kirusi kinachohusika. Burkitt mwenyewe alionyesha kwamba baadhi ya watoto hupona kwa dawa.

Huku Kuluva, Williams aliendelea kuandika kila mgonjwa anatoka kijiji gani na alianza kuugua lini. Kumbukumbu za West Nile za mwaka 1961 hadi 1975 zilionyesha kwamba wagonjwa walitokea kwa makundi, eneo hili wakati huu, eneo jingine wakati mwingine. Bila jina la kijiji jambo hilo lisingeonekana.

Mimi nalielewa hilo kwa uchungu. Wazazi wangu walikimbilia Kongo baada ya vita vya 1979, na huko ndiko nilikosomea. Siku moja nikiwa mgonjwa, karani wa zahanati aliandika neno mkimbizi mahali pa kijiji. Mama yangu, aliyekuwa ametaja kijiji chetu cha Koboko mara mbili, alinyamaza njia nzima ya kurudi. Leo nafundisha Koboko, na darasani nina watoto kutoka Sudan Kusini. Kila anayeandikishwa namuuliza kwao, naandika jina la kijiji anavyolitamka.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki Uingereza mwaka 1993. Msomaji, ukiwa sokoni Ariwara au kwenye foleni ya Oraba ukaona mtoto taya au tumbo linavimba haraka, usipite kwa sababu si wako. Mwambie mama yake ampeleke hospitali upesi. Ugonjwa huo unatibika ukiwahiwa.