Karen Blixen: Alimalizwa na kaswende ama na dawa yake?

Kama umewahi kupita pande za Karen hapa Nairobi, pengine ushaona ile nyumba ya mawe ambayo sai ni makavazi, Ngong Hills zikiwa hapo nyuma. Mwenyewe wengi tunamjua kupitia filamu ya 1985, ile Meryl Streep ameigiza. Lakini kuna ngori moja filamu iligusa juu juu tu.

Karen alizaliwa Denmark, 1885. Januari 1914 akashuka Mombasa na kuolewa na Bror Blixen, jamaa wa kuwinda simba na, wanasema, madem pia. Kufika 1915, bibi arusi akapatikana na kaswende. Wengi walioandika maisha yake wanamnyoshea Bror kidole.

Enzi hizo penisilini haikuwa. Daktari wa Nairobi akampa tembe za zebaki. Eeh, zebaki, ile ya kipimajoto! Haikusaidia, so 1915, katikati ya vita, akapanda meli hadi kwao Denmark, na huko akadungwa Salvarsan.

Hiyo Salvarsan ndio ilikuwa habari ya mjini. Paul Ehrlich na Hata Sahachiro waliigundua Ujerumani 1909, mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Ndani yake kulikuwa na aseniki, sumu ambayo watu walikuwa wanaulia panya. Hesabu yao ilikuwa hivi: aseniki iliyotengenezwa vile itamaliza kijidudu kabla imalize mgonjwa. Ni kamari, lakini kwa mtu ako na kaswende 1915, wewe ungekataa?

Na kusema ukweli, kaswende ilinyamaza. Baada ya 1925 vipimo havikuionyesha tena. Ni mwili ndio haukurudi sawa. Miguu ilipoteza hisia kiasi, na tumbo likamtesa miaka na mikaka. Yeye mwenyewe aliamini ni kaswende bado inamla. Madaktari waliopitia rekodi zake baadaye wanashuku ile zebaki na aseniki.

Shamba la kahawa lilianguka, akahepa Kenya 1931, na kule kwao ndio akaomoka na vitabu. 1959 alikula lanchi Marekani na Marilyn Monroe. Karen alikuwa mwembamba kama ufito, akila chaza na kuteremsha na shampeni. Alikufa Septemba 1962 akiwa na miaka 77, chakula kimemkataa kabisa.