Griffith, jamaa aliyeusoma ufa

Ukishuka ufuoni Mbita au Muhuru Bay ukute boti ya faiba inakaguliwa, usishangae fundi akiigonga ubavuni kwa sarafu huku ametega sikio. Mlio ukigeuka ukawa butu, anajua matabaka yameachana huko ndani, hata kama rangi bado inang'aa. Na boti ikifunguka katikati ya ziwa, huna pa kushukia. Sasa, matabaka yanahitaji nini ndiyo yaachane? Anza na Mwingereza mmoja, Alan Arnold Griffith.

Alizaliwa London mwaka wa 1893, akasomea uhandisi Liverpool, na 1915 akaingia kiwanda cha ndege cha serikali pale Farnborough. Huko yeye na G. I. Taylor walipima mkazo wa vyuma kwa kutumia utando wa sabuni. Ndiyo, sabuni! Wenzake wakambandika jina la utani la mapovu.

Kisha akageukia kioo. Kwa hesabu, kioo kingepaswa kuwa imara mara nyingi zaidi ya kilivyo. Griffith akavuta nyuzi za kioo, akaona kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokataa kukatika. Mwaka wa 1920 akaeleza: kioo kimejaa nyufa ndogo mno. Ufa husonga pale tu nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia nyuso mpya zinazofunguka. Ndiyo maana ufa mrefu ni balaa kuliko mfupi, hata kama mzigo ni ule ule.

Leo maabara huchukua kipande cha faiba chenye karatasi nyembamba ya plastiki katikati ya matabaka, ufa uanzie hapo. Wanakibandua taratibu kama unavyobandua stika, wakipima nguvu na urefu wa ufa. Jibu ni jouli kwa kila mita ya mraba, na alama yake ni G, ya Griffith.

Wakubwa wake wakamhamishia kwenye injini. Huko aling'aa, ila hakuwa malaika: kijana Frank Whittle alipomletea wazo la injini ya jeti, Griffith aliona haliwezekani. Mwaka wa 1937 injini ya Whittle ikanguruma. Miaka miwili baadaye Griffith alijiunga na Rolls-Royce, akabuni injini za jeti mwenyewe.

Alifariki Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya Kenya kupata uhuru. Kufikia hapo nyuzi za kioo zilikuwa tayari zinaunda boti.